Jina kwenye daftari si idhini

Mwaka jana nilikisaidia kikundi cha wafanyabiashara wa mpakani Busia kutuma bei za mahindi na maharage kwa barua pepe kila Jumatatu. Anwani tulizikusanya kwenye daftari lililopita mkono kwa mkono mkutanoni. Mama mmoja muuza maharage aliandika yake kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino, nami nilipoichapa nikasoma u mahali pa n. Kwa wiki saba bei zake zilikuwa zikimwendea mtu mwingine kabisa, ambaye mwishowe alituandikia kwa hasira akitaka kujua anwani yake tuliitoa wapi. Mama naye alidhani tumemtenga.

Tangu hapo simwingizi mtu kwenye orodha mpaka afungue barua yetu ya kwanza na kubonyeza kiungo cha kuthibitisha. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mhusika akubali kwanza kabla ya taarifa zake kukusanywa. Daftari haliwezi kukuambia nani ameandika nini. Tena Google, wenye Gmail, tangu Februari 2024 inawataka watumaji wahakikishe wanaozitia barua zao kwenye taka (spam) hawafiki asilimia 0.3, yaani watatu kwa elfu. Ukizidi hapo, hata aliyekuomba barua huenda asiione.

Wenzangu walinipinga: watu watapungua. Walipungua kweli. Lakini nilipowapigia simu wasiobonyeza, niligundua jambo kubwa zaidi. Wengi akaunti zao zilifunguliwa na kijana wa duka siku waliponunua simu, na nywila hawaijui hadi leo. Tungewaandikia mwaka mzima bila kusomwa. Hao sasa tunawatumia ujumbe mfupi wa simu.

Wengine waliogopa, na siwalaumu, maana matapeli ni wengi na viungo vyao vinajulikana. Ndiyo maana tunamwambia mtu papo hapo: barua itaingia sasa hivi, ina jina la kikundi, haikuombi namba ya siri wala pesa. Usipoiona, itazame kwenye taka.

Yule mama alibonyeza tukiwa tumesimama kando ya magunia yake. Jumatatu iliyofuata, kabla sijanywa chai, alinipigia: mbona maharage ya njano yameshuka?