Paa Nunga wa Jozani

Shangazi yangu hakubaliani na njia inayokurudisha ulikotoka. "Mtu akitoka nyumbani huenda mahali," alisema tulipomweleza kwamba njia ya msitu wa Jozani ni fupi, tambarare, haina kilima wala mto, inazunguka tu chini ya miti na kabla saa haijatimia umesharudi getini. "Akizunguka akarudi pale pale, huyo kapotea."

Lakini daktari wa sukari alishamwambia atembee, na kwetu Ng'ambo, mtaani mjini Unguja, hakuna pa kutembea bila kusalimia watu, na Shangazi hawezi kusalimia mtu bila kukaa kitako. Wazo la Jozani lilikuwa la mwanawe, Chao. Zamani Chao alikuwa papasi, kijana wa kuwaandama watalii ufukweni, huko Kiwengwa, akachota huko Kitaliana cha kutosha kuuza vinyago na kuomba radhi. Jina alilopewa na baba yake siku hizi hulikuti ila kwenye kitambulisho. Ni huyo huyo Chao aliyeniambia makobazi yanatosha, msitu wenyewe ni kama uwanja wa mpira. Naomba msomaji aliweke akilini hilo.

Tukapanda gari ya Makunduchi. Shangazi kavaa dera, juu ya dera buibui, juu ya buibui kanga ya kuzuia umande, na mkononi kapu la ukili lenye chupa ya kahawa na visheti. Utingo akamuuliza kama anahama. Kufika tulijua kwa matuta, maana karibu na geti barabara imewekwa matuta ili magari yasiwagonge kima wanaovuka. "Sisi tuta tumeliomba tangu nina meno yote," akasema Shangazi. "Kumbe tungeota mikia."

Mtembezaji wetu alikuwa kijana mpole, ila watalii walishamharibu ulimi. "Jambo! Karibuni Zanzibar! Hakuna matata!" Shangazi akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Weye mtoto wa nani?" Kijana akanywea, akatoa shikamoo, na toka hapo akazungumza kama watu.

Tena alijua kazi yake. Alitueleza kwamba Jozani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na Ghuba ya Chwaka. Akatuonyesha mizizi inayotambaa juu juu, kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu mno na mti hauna haja ya kuyafuata chini. Akagonga shina la mtondoo. Shangazi akaokota tunda lake, akalipangusa kwa pindo la kanga. "Mtondoo haufi maji," akasema, akalitia kapuni. Kijana akasema vitu vya hifadhini haviokotwi. Akamwambia kwa adabu, na Shangazi kwa adabu hakumsikia.

Kisha akatuonya: vuli imenyesha, siafu wako njiani, anayevaa suruali aichomeke kwenye soksi. Nikamtazama Chao. Chao akatazama ndege.

Hatukwenda mbali tukawakuta kima punju juu ya vichwa vyetu, migongo myekundu, nywele nyeupe zimesimama usoni kote kama wazee walioamshwa usingizini. Kijana akaeleza kuwa asili yao ni Unguja hii hii, kwamba mkononi hawana gumba la maana, na kwamba wanapokula majani ya miembe na mikungu tumbo huchafuka, basi huingia vijijini kutafuta mkaa wakautafuna, ukanyonya ile sumu. Hapo Shangazi alisimama kabisa. Yeye maembe kakatazwa. Akataka kujua ni mkaa wa mti gani, unatafunwa kiasi gani, kabla ya kula au baada, na kama unafaa kwa sukari. Kijana akasema yeye si daktari. "Hata wa kwangu namtilia shaka," akajibu Shangazi, "mkaa hajautaja hata siku moja."

Sote tulikuwa tumeinua shingo. Chini hakuna aliyetazama.

Siafu ana subira ambayo binadamu hana. Haoni, anafuata harufu ya mwenzake, na watu husema akikupanda hang'ati. Anapanda. Anamsubiri wa nyuma. Wakishajipanga kila mmoja mahali pake, hapo ndipo wanapong'ata wote kwa pamoja, na ukimvuta mkubwa wao kiwiliwili kinakuja, kichwa kinabaki kimeuma.

"Bismillahi!" akapiga ukelele Shangazi, na kapu likaenda upande wake. Aliruka kwa mguu wa kulia, akaruka kwa wa kushoto. Akakung'uta dera, buibui likapinga. Akavua kanga akaizungusha hewani, akapiga mapaja, akageuka, akarudia. Na njia ya mviringo ina hasara yake: wewe unakwenda huku, wengine wanakuja kule. Mbele yetu likatokea kundi la Wataliana na mtembezaji wao, mzee wa ndevu nyeupe. Wakasimama. Mama mmoja akatoa kamera, akamuuliza Chao kitu.

Chao badala ya kumwokoa mamake akajibu, tena kwa mikono miwili. Baadaye aliapa kwamba aliwaambia wasubiri. Nami nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona walianza kupiga makofi kwa kufuata mdundo? Siku ya pili akakiri: aliwaambia ni ngoma ya kuita mvua.

Wakati huo wangu walishapita goti, wanaelekea mahali ambapo siwezi kupaandika kwa kuwa Shangazi huwa anasomewa haya. Nikaona mtondoo mnene wenye vichaka pembeni. Nikauzunguka, nikavua suruali.

Majani yakatikisika. Yule mzee akainua mkono, na makofi yakakatika. "Paa nunga, yakhe," akamnong'oneza kijana wetu, na sauti inamtetemeka. Paa nunga ni paa mdogo mwenye haya kuliko bibi harusi. Waliobaki ni wachache, na kumwona mchana karibu na watu ni bahati ya mtu. Darubini zote zikageukia kwangu.

Nikachutama. Siafu hawakuwa na habari ya ukimya ule, wao waliendelea. Kupiga siwezi, kulia siwezi, nikaitia suruali mdomoni nikaing'ata kwa nguvu zote.

"Anakula," akanong'ona mzee.

Pengine wangechoka wakaenda zao. Lakini Shangazi alikuwa ameshapata pumzi. "Paa gani? Huyo mtoto wa kaka yangu! Toka, mwanangu, tukutoe siafu!" Na akafungua kile kichaka kwa mikono miwili, kama anayefungua duka.

Nitapita haraka hapa. Alinifunga kanga yake kiunoni, na nilipogeuka kukimbilia njiani yale maandishi yalikaa pale yanapokaaga: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Wataliana wakashangilia upya. Mzee hakushangilia. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa huzuni ya kweli, akafunga darubini yake. Yule mama wa kamera akaokota kapu la Shangazi, akatia sarafu, na wenzake wakafuata. Chao akainama kama mwenye kundi la ngoma.

Kijana akasema tuko katikati hasa, kwenda mbele na kurudi nyuma ni sawa. "Basi mbele," akasema Shangazi, na aliyeongoza ni yeye.

Getini tulikaa tukanywa kahawa huku Chao akining'oa vichwa vya siafu kwa kucha, kimoja kimoja, na kila kimoja nilihakikisha anakisikia. Zile sarafu zilikuwa yuro kumi na moja. Darajani, duka la fedha za kigeni likazikataa, maana wao hupokea noti tu. Chao akasema mapapasi wote wanalijua tatizo hilo na dawa yake: unamtafuta Mtaliana anayerudi kwao, unampa sarafu, anakupa noti. Kwa hiyo jioni ya pili Shangazi akatembea kwa miguu mpaka Forodhani, mwendo ambao daktari anauomba tangu Ramadhani, na kwenye meza ya urojo tukamkuta nani? Yule yule mama wa kamera.

Akafurahi, akabadilisha zote, na ile yuro moja iliyozidi akailipia noti nzima. Kisha akamwambia Chao jambo, akionyesha miguu ya mamake.

"Anaomba ucheze tena kidogo," Chao akafasiri.

Shangazi akazifunga noti kwenye pindo la kanga, akakaza fundo.

"Mwambie bila siafu sichezi."

Mungu ndiye ajuaye Chao alifasiri nini, maana meza nzima ilisimama ikapiga makofi.