"Mfasiri mkuu": sifa au kijembe kwa Chaucer?

Mshairi wa Kifaransa Eustache Deschamps alimtungia Geoffrey Chaucer shairi la sifa, na kibwagizo chake kinamwita "mfasiri mkuu". Ukilisoma leo utadhani ni kijembe. Huyu ndiye anayeitwa baba wa ushairi wa Kiingereza, halafu mwenzake anamsifu kwa kuhamisha maneno ya watu?

Wanaoona kasoro hapo hawakosi ushahidi. Kazi za mwanzo za Chaucer zimejaa Ufaransa: ndoto, bustani, mwezi wa Mei, mpenzi anayedhoofika kwa mahaba. Alitafsiri Shairi la Waridi, utungo wa Guillaume de Lorris na Jean de Meun wenye mishororo zaidi ya 21,000. Katika tafsiri ya Kiingereza iliyobaki, wataalamu wengi humpa yeye sehemu ya kwanza tu, mishororo kama 1,700, na humo anamfuata Mfaransa unyo kwa unyo. Hata alipotunga la kwake, maombolezo ya Blanche, mke wa mwana wa mfalme John wa Gaunt, aliyefariki mwaka 1368, alilifungua kwa maneno ya Froissart na katikati akashonea viraka vya Machaut, wote wawili washairi wa Kifaransa. Mwanafunzi wa chuo akifanya hivyo leo, ataitwa ajieleze.

Ila yeye hakuwa mwanafunzi wa leo. Alilelewa katika nyumba za wakubwa ambamo Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya adabu. Sheria ya 1362 iliyotaka kesi zisemwe kwa Kiingereza, yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! (Chaucer aliwajua Wafaransa hata kwa upande wa upanga: alitekwa vitani huko, na mwaka 1360 mfalme wake akachangia pauni 16 kumkomboa.) Kuiga ndiko kulikokuwa kusoma. Lakini huo ni utetezi wa zama zake tu. Hautuambii kama tafsiri ilimjenga au ilimchelewesha.

Hilo tulitafute ndani ya ubeti. Miongoni mwa kazi zinazohesabiwa kuwa za awali kuna sala yake kwa Bikira Maria, iliyotoka kwa mtawa Guillaume de Deguileville. Ina beti 23, kila ubeti ukianza na herufi yake, A hadi Z bila J, U na W. Mfaransa ana mishororo 12 ya mizani 8, yenye vina viwili tu. Chaucer anaigeuza kuwa mishororo minane ya mizani 10 na vina vitatu. Aliyewahi kufasiri shairi anajua maana ya uamuzi huo: hakuna mshororo utakaoingia mzimamzima, lazima uvunje na kuunda upya.

Tazama ubeti wa kwanza. Mfaransa anaanza na "A toy", yaani "kwako", kisha anasema kwamba yeye mwenyewe anamkimbilia Bikira, kimbilio la ulimwengu. Kwa Kiingereza "kwako" haianzi na A. Chaucer anatafuta neno jingine, anapata "Almighty", mwenyezi, na ubeti unabadilika sura: Maria sasa ni malkia mwenyezi ambaye ulimwengu wote unamkimbilia. Mtu mmoja aliyefadhaika amegeuka umati. Herufi moja ilimbana, na hapo alipobanwa ndipo sauti yake ilipotokea.

Kwenye maombolezo ya Blanche mambo ni magumu zaidi kuamua. Froissart anashangaa jinsi anavyoishi bila usingizi. Chaucer anashangaa vilevile, ila anaongeza kiapo, "kwa mwanga huu", kama mtu anayeongea na jirani yake. Kisha shujaa aliyevaa nguo nyeusi, ambaye msimulizi anakutana naye ndotoni, anaanza kumsifu marehemu kwa madoido ya Machaut, na anakwenda, anakwenda. Mimi hapo huchoka, sifichi. Karibu na mwisho, msimulizi ambaye bado hajaelewa anauliza huyo bibi yuko wapi sasa, na majibizano yanakatika ghafla:

"Amekufa!" "Hapana!" "Naam, kwa kweli."

Wapinzani wa tafsiri watasema: mnaona, palipo bora zaidi ndipo alipomwacha Mfaransa. Nakubali nusu. Neno "amekufa" lingekuwa taarifa tu kama mishororo mingi iliyotangulia isingekuwa imelizunguka kwa mapambo yote yale ya kuazima. Madoido ndiyo yaliyolipa uzito.

Miaka ya 1380 Chaucer aliuchukua utungo wa Mwitaliano Boccaccio juu ya Troilus, mwana wa mfalme wa Troya, na kuurefusha kwa maelfu ya mishororo. Jina la Boccaccio hakulitaja hata mara moja. Alidai anafasiri tu, kutoka Kilatini, kazi ya bwana mmoja aitwaye Lollius, ambaye kitabu chake hakuna aliyewahi kukiona.