Mama wa majani wa Kadutu naye alipwe

Hapa Melbourne ninapoishi, kujua majani ya wazee ni kazi yenye mshahara. Katika busitani kubwa ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1846, Waaborijini, wenye nchi hii tangu asili, huongoza wageni waliokata tiketi. Kwanza kiongozi hufukiza majani mabichi na kuwataja wazee waliotangulia, ndipo watu wanaanza kwenda, mti kwa mti.

Niliyemfuata mimi alichuma jani la lomandra, refu na gumu, akalipasua kwa ukucha, akalisokota juu ya paja mpaka likawa kamba. Akampa mtoto alivute kwa nguvu zake zote. Halikukatika. Kisha akatuonyesha murnong, kiazi chenye ua la njano ambacho wanawake wa kwao walikuwa wakikichimba kwa vijiti. Walowezi walipoleta kondoo miaka ya 1830, kondoo walikitafuna mpaka kikakaribia kwisha. Kwa hiyo sisemi Australia ilitenda haki. Ilinyang'anya kwanza, heshima imekuja nyuma sana.

Lakini sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunangoja nini? Milima yetu imejaa mikaratusi, mti wa hukuhuku Australia, na kila mtoto anaujua. Mubirizi, mti wetu wa majani machungu, je? Koko, bibi yetu, alitunywesha maji yake machungu kwa minyoo na homa, ila shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kutuonyesha. Mwaka 1987, kule Mahale, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa dawa wa Kitongwe, walipomwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha shina la mti huohuo. Kalunde ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba hiyo ni dawa. Wanasayansi wa dunia nzima wanaisoma habari hiyo leo, na mama anayeuza mizizi soko la Kadutu, mjini Bukavu, bado analipwa bei ya fungu tu.

Watwa, wenyeji wa asili wa msitu wa Kahuzi karibu na Bukavu, wamepata mabaya zaidi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, wakafukuzwa katika msitu walioujua kuliko mtu yeyote. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: haki zao zilivunjwa. Mtu akitaka kujifunza mimea ya msitu ule, wao ndio wa kumwongoza, na pesa ziingie mikononi mwao.

Najua makanisani wapo watakaouita huu uchawi. Kumwonyesha mtoto mti wa kutibu minyoo si uchawi hata kidogo. Na mwenye dawa ana haki ya kubaki na siri zake. Aseme anachotaka, anyamaze anapotaka.

Najua pia vita vimewachosha ndugu zetu, wana mahangaiko mengine. Ila yule mama anazeeka, vita viwepo visiwepo. Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kuna kituo cha utafiti chenye uwanja na watu wanaoijua mimea. Pale pangefaa kuanzia. Hata shule moja ya mtaa wa Bagira, mjini Bukavu, ingeweza: darasa moja, Jumamosi asubuhi, mama mmoja kutoka sokoni. Sisi wa ng'ambo tunachanga kila mwezi kwa ajili ya harusi na matanga. Tuchange na ya huyu mama, na apewe mkononi kabla hajaanza kufundisha.