Nihao Anapocheza, Nani Analipa?

Wasomaji wengi wa riwaya za vijijini za China hugawa mambo mafungu mawili: mazingira huku, mizimu kule. Kwa maoni yangu hapo ndipo usomaji unapokwenda mrama. Chukua riwaya ya Chi Zijian ya mwaka 2005 kuhusu Waevenki, jamii ndogo ya wafuga kulungu wa nchi za baridi (reindeer) wa mto Ergun, kaskazini mashariki mwa China; riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Mao Dun, tuzo kubwa ya riwaya nchini humo, mwaka 2008.

Tazama kambi inavyohama. Kulungu dume mweupe anatangulia na miungu ya ukoo mgongoni. Nyuma yake anafuata kulungu aliyebeba moto. Kabla ya kuondoka, watu wanafukia mashimo ya nguzo za hema na la jiko, na taka wanazizika, ardhi isibaki na kovu. Kuni ni za miti iliyokwisha kufa. Wakila dubu, wanalia kama kunguru ili roho yake idhani nyama imeliwa na ndege. Hapo ibada inaishia wapi na utunzaji wa msitu unaanzia wapi?

Uzito wa kitabu uko kwa mganga wao, Nihao. Kila anapocheza ngoma ya mizimu kumwokoa mtu, anampoteza mtoto wake mwenyewe. Anamwokoa hata kijana aliyeiba na kula kulungu wao, na mimba yake inaharibika. Binti yake Beierna anatoroka kambini, akihofu zamu yake imefika. Wakataji miti, walioingia na barabara na malori, wanachukua tu.

Tena kuna suala la tumbo. Kulungu hawa hula kuvumwani, kuvu na mwani vilivyoungana na kuota msituni kama mmea mkavu. Ukiliwa huchukua miaka mingi kurudi, kwa hiyo lazima kuhama. Mwaka 2003 Waevenki walihamishiwa karibu na mji wa Genhe kwa jina la kulinda mazingira. Zizini kulungu walidhoofika, na baadhi ya wafugaji wakarudi nao msituni.

Jia Pingwa naye, katika riwaya ya mwaka 2000 kuhusu mbwamwitu 15 wa mwisho wa Shangzhou, anaonyesha wawindaji waliokatazwa kuwinda wakiugua ajabu. Ina nguvu, ila naona fundisho linajitokeza mno.

Chi hahubiri. Nihao, mzee sasa, anacheza mara ya mwisho kuomba mvua. Mvua inanyesha, moto wa msitu unazimika, yeye anaanguka na kufa. Moto ule uliwashwa na vipisi vya sigara vya wafanyakazi wawili wa msituni.