Fonolojia isiyo na sauti: neno hili linawafaa viziwi wa Uganda?

Kuna dada kiziwi anayeuza mivumba sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Siku moja nilitaka kumuuliza kuhusu shati, nikafanya alama ya lugha ya viziwi niliyofundishwa wiki iliyotangulia. Alinitazama, akatikisa kichwa, kisha akanishika kifundo na kuupandisha mkono wangu upana wa vidole vitatu hivi. Vidole nilivipanga sawasawa, na mwendo ulikuwa uleule. Nilikosea mahali tu, na alama yangu ikawa haina maana.

Aliyesoma isimu ya Kiswahili analijua kosa hilo. Toa k, weka g: pika imekuwa piga. Wala k yenyewe haina maana yoyote, kazi yake ni kutenganisha maneno. Swali linalowagawa wanaisimu ni kama mkono nao una vipande vya namna hiyo, na kama vipo, kama ni haki kuviita fonolojia, yaani mfumo wa vipande vinavyotenganisha maneno, ilhali neno lenyewe lilitokana na sauti.

Aliyefungua njia ni William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Mwaka 1960 alionyesha kwamba alama za Marekani zinachambulika katika umbo la kiganja, mahali na mjongeo. Baadaye wenzake waliongeza uelekeo wa kiganja. Fungua vidole vyote, dole gumba liguse paji la uso: hapo umesema "baba". Shusha mkono huohuo hadi kidevuni: umesema "mama". Stokoe mwenyewe alilikwepa neno fonolojia, akaunda lake kutokana na neno la Kigiriki la mkono. Waliomfuata walilirudisha lile la zamani, kwa hoja kwamba mfumo ni uleule, na kinachobadilika ni kiungo cha mwili tu.

Hoja hiyo ina uzito, na si wa kitaaluma peke yake. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan ulipitisha kwamba watoto wafundishwe kwa kusema, na shule nyingi za Ulaya na Marekani zikazifungia nje alama kwa miongo mingi. Ilipofika 2010 ndipo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, huko Vancouver, ulipotamka majuto. Kumwonyesha mtu kwamba alama zina vipande na kanuni kulikuwa njia ya kumwambia: hii ni lugha.

Kanuni zenyewe zinashangaza. Mwanaisimu Robbin Battison alieleza mwaka 1978 kwamba mikono yote miwili ikienda, huwa na umbo moja na mwendo mmoja, au hupokezana. Maumbo yakitofautiana, mkono mmoja hutulia, na huo uliotulia huchukua maumbo machache mepesi tu. Jaribu kuvunja kanuni hiyo mbele ya kioo, uone mikono inavyogoma.

Wanaolipinga neno fonolojia kwa alama nao hawasemi ovyo. Hoja yao ya kwanza ni kwamba alama nyingi zinafanana na kitu chenyewe, kwa hiyo kipande kinachodaiwa kuwa tupu hubeba maana. Hapa siwafuati. Kiswahili kina tanakali: chubwi ya kitu kinachotumbukia majini, pu ya kinachoanguka. Zinaiga, lakini zinaiga kwa sauti za Kiswahili na silabi za Kiswahili. Vivyo hivyo alama ya "mti": Mmarekani husimamisha mkono na kuutikisa kiganja, Mdenmark huchora shada la majani na shina hewani, Mchina hushika shina kwa mikono miwili. Wote wanaiga mti, na kila lugha imechagua namna yake.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua. Katika kijiji cha Wabedui cha Al-Sayyid, katika jangwa la Negev huko Israel, lugha ya alama ilizuka yenyewe kwa sababu ya uziwi wa kurithi. Mwanaisimu Wendy Sandler na wenzake waliikuta ikitenda kazi zote za lugha, ilhali umbo la alama moja lilitofautiana sana baina ya watu, wala hawakupata jozi za namna ya pika na piga. Kama ni hivyo, fonolojia haiwezi kuwa cheti cha kuingilia kwenye ukoo wa lugha. Lugha huanza, mfumo ukaja kukomaa baadaye.

Kwa Uganda jambo hili lina athari ya moja kwa moja. Katiba ya 1995 iliitaka serikali ikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia Bungeni. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha wakalimani. Lakini alama zetu zimepokea mengi kutoka Kenya, Uingereza na Marekani, na anayezipima kwa jedwali la maumbo lililotengenezwa Washington atahesabu vya wageni kuwa vya nyumbani, na vya nyumbani kuwa makosa. Naona afadhali njia ya Sam Lutalo-Kiingi, mtaalamu kiziwi, ambaye tasnifu yake ya 2014 ilichambua sarufi ya alama za Uganda zenyewe.

Kwa hiyo neno fonolojia nalikubali, ila majedwali ya kuazima siyataki. Vipande vihesabiwe upya na viziwi wa hapa, kuanzia sokoni na kwenye familia zenye viziwi wa vizazi viwili au vitatu, na kamusi ipangwe kwa vipande hivyo. Kamusi iliyopangwa kwa A, B, C ya Kiingereza inanifaa mimi ninayesikia. Mtoto kiziwi aliyeona alama asiyoijua hana herufi ya kuanzia. Alichonacho ni umbo la kiganja, mahali kilipogusa, na jinsi kilivyokwenda.