Shangazi kazipiga mkasi kadi za Ami

Ami yangu yupo Kanada toka zamani, sa katika kuhama nyumba akakuta boksi la kadi za wachezaji wa hoki ya barafuni, zile watu wanazokusanya, za kampuni ya O-Pee-Chee za 1979, akampa mtu aniletee Unguja nimtafutie mnunuzi, eti watalii wa kwao wamejaa Shangani. Hoki ya barafuni yakhe, na mimi barafu naijua ya kwenye juisi ya ukwaju.

Kadi zenyewe, mbele picha, nyuma maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Kingo sasa, lo! Zimechanika chanika, vinyuzi vya karatasi vimesimama. Nikamuuliza Ami akanambia ndo uzuri wake huo, kadi zilichapwa nyingi pamoja kwenye karatasi kubwa halafu kiwandani wakazikata kwa waya, na waya ukichoka haukati tena, unachana. Kwa hivo ukingo ukinyooka sana watu wanaingiwa na shaka, ama kadi imepunguzwa ama mtu kapata karatasi kubwa zima kalikata mwenyewe nyumbani miaka mingi baadae. Wanapima kabisa, milimita 64 kwa 89, na wanatazama ubavu, uso ukiwa umepiga umanjano na ubavu mweupe pee bas ujue mkasi umepita juzi. Akanitolea na kisa cha kadi ya beisboli ya Honus Wagner, Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki, na mwenzake waliinunua 1991 kwa dola 451,000, ikafika 2013 dalali aliyekuwa nayo kabla akakiri mahakamani kuwa aliipunguza kingo. "We usiguse kitu," Ami kamaliza, "hata vumbi usifute."

Mi sikugusa wallahi. Lakini nyumba ile anakaa na shangazi, mshona kofia, mtaa mzima unaujua mkono wake, hawezi kuona kitu kimekwenda upande akakiacha, hata chapati ya jirani anaitolea kasoro.

Mzungu kaja baada ya alasiri, kakaa barazani, katoa kilenzi mfukoni. Katazama kadi ya kwanza, kanitazama mimi, kairudia kadi. Katoa rula. Kachukua ya pili, ya tatu, kimya, jasho linanitoka mie.

Shangazi huyo anatoka na kahawa na kashata. "Mwambie nimemnyooshea, zilikuwa zishaliwa na panya hizo. Na pesa sitaki."

Nikamtafsiria hivo hivo, niseme nini? Mzungu kashika kichwa, anauliza, zote?

"Zote! Na pembe nimezitia mviringo zisije zikamchoma mtoto." Halafu kaingia ndani karudi na mfuko wa rambo umejaa vijikaratasi vyembamba kama tambi. "Kama anataka na vipande vyake ninavyo, sijatupa."

Mzungu kacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu yangu. Kisha kilenzi kile kile kakipeleka kwenye kofia ya shangazi, tundu moja moja, pindo lote, kainunua bila ya kuvutana bei. Kadi kaziacha pale pale kwenye mkeka.

Shangazi anahesabu pesa zake, simu yangu inaita, Ami anataka kujua zimefika ngapi.

"Si upokee," shangazi ananambia. "Mpe salamu zangu, na mwambie siku nyengine akiwa na vitu vyake vibovu vibovu alete tu."