Majaribio mengi si lazima yawe uhakika mwingi

Kuna makala kuhusu majaribio ya programu inayosema kadiri majaribio yanavyoongezeka ndivyo uhakika unavyoongezeka. Hesabu haikubali. Pima dhana 20 zisizotegemeana, zote za uongo, kila moja kwa kiwango cha 0.05 (yaani nafasi ya asilimia 5 ya dhana ya uongo kuonekana ya kweli kwa bahati): uwezekano wa angalau moja kuonekana ya kweli ni kama asilimia 64. Ndiyo maana kanuni ya takwimu iitwayo Bonferroni hugawa kiwango hicho kwa idadi ya vipimo, hapa 0.0025.

Kwenye programu mambo ni yaleyale. Ukiwa na majaribio 300 na kila moja, bila kutegemea mengine, hufeli kwa bahati tu mara 1 kati ya 100, takriban asilimia 95 ya mizunguko ya kuyaendesha yote itakuja na alama nyekundu ya kufeli ilhali msimbo (maagizo ya programu) hauna kosa. Watu huzoea kuyarudia majaribio mpaka yapite, na kosa halisi hupita humo humo. Huko ni sawa kabisa na mtafiti anayerudia uchambuzi hadi apate jibu analolitaka!

Kama msimbo unatumia namba za nasibu, weka mbegu (namba inayoanzisha mfuatano wa nasibu) moja isiyobadilika kwa majaribio ya kila siku. Mbegu hiyo lakini hupima njia moja tu, kwa hiyo usiku endesha kwa mbegu mpya, iandike kwenye kumbukumbu, na weka kizingiti cha kufeli kwa bahati kiwe 1 kati ya milioni.

Halafu hili ambalo makala imelisahau: haribu msimbo makusudi, mathalani geuza > iwe >=. Jaribio lisipofeli, halipimi sehemu hiyo uliyoiharibu. Maabara nazo hukagua vipimo vyao namna hiyo, kwa sampuli inayojulikana kuwa na kinachotafutwa.